Kiswahili chetu na teksi za Maskati

Wako wenzetu wanaosema Kiswahili kinaishia Unguja, na kwamba anayekwenda Uarabuni ashike Kiarabu au Kiingereza. Sikubali. Maskati ni mji mrefu uliobanwa kati ya milima ya Hajar na bahari. Kutoka soko la Mutrah hadi Seeb huendi kwa miguu. Utapanda basi au teksi, na utauliza njia. Udereva wa teksi huko ni kazi ya Waomani wenyewe, na baadhi yao wana wazazi waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, au waliorudi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala 1970. Wengine walitoka Burundi, hata Kongo yetu. Nyumbani mwao Kiswahili bado kinasemwa.

Lakini mzee wa huko ukimwambia "jambo sana", kama tulivyozoea huku, atajua mara moja wewe ni mgeni. Yeye anangoja "shikamoo". Sisi ngeli tunazisoma miaka mitatu, salamu nusu saa (na nusu saa yenyewe kwa Kifaransa!). Walimu wetu, tunaomba somo la mazungumzo, tusikie sauti za Unguja na za Maskati kabla ya kupewa diploma.