Mlio wa Kompyuta Urudishwe

Kompyuta ya IBM ilipotolewa Marekani mwezi wa Agosti 1981, ndani ya kasha lake ilitiwa spika ndogo ya duara, isiyofika inchi tatu upana, ambayo mojawapo ya kazi zake ilikuwa kutoa ushahidi; kwani mashine ikiwashwa ilijikagua kwanza, na ikijiona salama ililia mara moja, kwa mkato, kisha ikaendelea na kazi.

Manufaa ya mpango huo yalidhihiri siku ya maradhi. Kioo kikiwa cheusi, mashine haina pa kuandika taksiri yake. Spika, isiyongoja Windows wala kadi ya sauti, ndiyo iliyosalia na kauli. Mlio mrefu mmoja ukifuatwa na mifupi miwili, katika kompyuta za IBM na nyingi zilizoziiga, ulikuwa shitaka juu ya kadi ya picha. Shitaka likiwa juu ya ramu, yaani kumbukumbu ya mashine, fundi mzoefu alizima umeme, akaichomoa, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akairudisha, akawasha, akatega sikio. Hata kimya kilikuwa na maana: ramu zote zikitolewa na mashine isilalamike, aghalabu kasoro ilikuwa kwenye umeme, prosesa au ubao mkuu wenyewe, na mteja akaepushwa gharama ya kununua ramu bure.

Leo kompyuta nyingi za mezani huuzwa bila spika hiyo, ilhali ubao mkuu ungali na vijiti vinne vya kuipachika, na mnunuzi haambiwi neno. Husemwa kuwa taa ndogo zimeshika nafasi yake. Zimeshika, naam, kwa mwenye kufungua kasha na kujua pa kutazama. Asiyeona kwa macho zamfaa nini? Na vioo vya tarakimu vitajavyo kosa kwa nambari hupatikana zaidi kwenye mbao kuu za bei ghali, zisizokuwamo katika mashine za mitumba ambazo ndizo riziki ya mafundi wetu wengi.

Najua wako wanaobughudhiwa na mlio, hasa ofisini asubuhi, mashine zinapowashwa kwa pamoja. Hao wasinyimwe haki yao. Apple waliiondoa sauti ya kuwasha katika Mac zao mpya 2016, na 2020 wakaiweka katika mipangilio, atakaye aiwashe na asiyetaka aizime. Watengenezaji wa kompyuta za mezani wana udhuru gani wa kutofanya vivyo hivyo, nao wameshaacha vijiti vya spika mahali pake?