Nani Aliyekula Samaki Wetu?



Leo twaandika juu ya samaki, na wapo watakaouliza kama wanamageuzi wamekosa la kusema. Hatujakosa. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991 tuliambiwa kwamba mwananchi amepata sauti. Twataka kujua sauti hiyo imefika wapi katika visiwa vya Rusinga, Mfangano, Takawiri, Ringiti na Remba, na katika fuo za Sori na Muhuru, ambako mtu huvua usiku kucha na asubuhi wanawe wakanywa uji mtupu.

Tusidhaniwe kwamba twatia chumvi. Mwaka 2010 watafiti walihoji kaya 111 katika jamii ya wavuvi kando ya ziwa letu, upande wa Kenya. Waligundua kwamba kaya ya mvuvi haikula samaki zaidi ya kaya ya jirani asiyevua, wala haikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Aliyekula samaki ni yule aliyekuwa na fedha. Tafakarini jambo hilo, hasa ninyi mliozoea kusema kwamba umaskini wa mvuvi watokana na uvivu na pombe.

Samaki huenda wapi basi? Mbuta, aliyetiwa ziwani wakati wa ukoloni katika miaka ya 1950, huondoka ufuoni katika barafu kuelekea viwandani, na minofu yake huvuka bahari. Kinachorudi kwa maskini ni kichwa na mifupa, ambayo watu wetu, kwa mzaha wenye uchungu, wameiita mgongo wazi. Tena mara nyingi mbuta huyo ameuzwa kabla hajavuliwa: wakala amemkopesha mvuvi nyavu na mafuta ya injini, na deni hilo ndilo lipangalo bei. Mvuvi haulizwi. Sisi tuliopiga kura za mlolongo mwaka 1988 twaijua vyema hali ya kupewa jibu kabla ya swali.

Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, serikali haikulala. Wakaguzi walitumwa, fuo zikajengewa vibanda safi, kanuni zikaandikwa upya. Vyema, usafi hatuukatai. Lakini ni lini tumbo la mtoto wa Remba, kisiwa cha mawe ambako hata unga hufika kwa mashua, limewahi kuiamsha wizara usiku?

Akabaki omena. Samaki mdogo huyu, avuliwaye kwa taa katika usiku wa giza na kuanikwa juani na wanawake, huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na ni vigumu kupata kitoweo cha bei nafuu kinachomfaa mtoto kuliko yeye. Sasa sehemu kubwa ya omena husagwa kuwa chakula cha kuku na nguruwe. Hatuna ugomvi na kuku. Ugomvi wetu ni kwamba mama mwenye beseni hushindana na lori la mfanyabiashara, na lori hushinda kila siku.

Na mama huyo akikosa fedha, huombwa mwili wake. Desturi hiyo huitwa jaboya. Kila mtu ufuoni aijua, na mara nyingi imehubiriwa kama dhambi ya mwanamke peke yake. Twawaambia wachungaji wetu, kwa heshima yote, kwamba hapo lawama imekwenda kwa asiyestahili. Homa Bay na Migori zimekuwa miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na Ukimwi nchini. Mwanamke aliyezaa watoto wanne na kumzika mume hahitaji kuambiwa juu ya zinaa. Ahitaji mtaji, mizani ya haki, na mahali pa kukaushia samaki mvua inaponyesha.

Kenya ina takribani asilimia 6 tu ya ziwa hili. Ndiyo maana mwamba mdogo wa Migingo umetutoa jasho tangu mwaka 2004, polisi wa Uganda walipokita kambi pale. Mwaka 2009 Rais Museveni alikiri kwamba kisiwa ni cha Kenya, lakini akashikilia kwamba maji wanamovua watu wetu ni ya Uganda. Waheshimiwa walipiga kelele nyingi kwa ajili ya bendera. Kwa mvuvi aliyenyang'anywa injini, kelele hizo hazikununua hata galoni moja ya mafuta.

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 43, yasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti uvuvi, na imezikabidhi pia shule za chekechea. Mambo mawili hayo yamo mikononi mwa ofisi moja! Basi twadai kwamba serikali za Homa Bay na Migori zinunue omena moja kwa moja kutoka kwa wanawake wa fuo, kwa bei iliyotangazwa hadharani, wapikiwe watoto wa chekechea, wakianza wa visiwani. Twadai pia kwamba kamati za fuo, zilizowekwa kwa kanuni za mwaka 2007 ili ziwe za wavuvi wenyewe, zichaguliwe na wavuvi, vibarua na wachuuzi, pasiwe na mwenyekiti aliyepigiwa simu kutoka mjini.

Makadirio ya bajeti sharti yafike katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria yataka umma usikilizwe. Ndugu zetu wa makanisa, yatangazeni makao ya vikao hivyo baada ya ibada, mkodishe mashua ya kuwaleta akina mama wa Remba na Ringiti, na mwakilishi wa wadi aulizwe mbele yao ni shilingi ngapi zimetengwa kwa omena.