TAHARIRI: Tangi Lililoliwa na Kutu Lisichomelewe

Mashine yetu ya kujaza upepo, ambayo wote tunaiita kompresa, imeanza kuvuja chini ya tangi. Tundu lenyewe ni dogo kama ncha ya sindano. Ukipaka povu la sabuni, mapovu yanapanda. Tangu hapo maneno yamekuwa mengi pale kibandani. Wako wanaosema, "Jamani, si tupeleke tu kwa mchomeleaji, tutoe hela kidogo, kazi iendelee?" Wako wanaotaka tangi jipya. Mkutano wa wanachama ndio utakaoamua, lakini sisi hatumung'unyi maneno. Tunasema tangi lile lisichomelewe. Linunuliwe jingine, hata kama gawio la mwaka huu litapungua.

Sababu tunazo.

Kwanza, tundu lile halikuanzia nje, limeanzia ndani. Huku kwetu pwani, kuanzia Chamazi na Mbagala hadi Bunju, hewa ina unyevu mwingi. Kompresa inaivuta hewa hiyo na kuibana. Ikipoa ndani ya tangi, maji yanajitenga, kama vile bilauri ya maji baridi inavyotoa jasho. Tupige hesabu kidogo. Mashine inayovuta lita 100 za hewa kwa dakika, ikizunguka jumla ya saa 3 kwa siku, inaweza kuacha karibu robo lita ya maji tangini. Hiyo ni siku moja tu! Maji yanatulia chini na kutu inakula chuma kimya kimya. Siku tundu linapoonekana, ujue bati la kuzunguka hapo nalo limekwisha kuwa jembamba. Ukilichomelea, unaweka kiraka kizito juu ya nguo iliyooza. Utaziba hapa, itachanika pembeni.

Pili, tuangalie nguvu iliyomo mle. Geji ikisoma bar 8, yaani paundi kama 116, kila sentimita moja ya mraba ya tangi inasukumwa kwa uzito wa karibu kilo 8. Tangi lenye kizibo cha upana wa sentimita 30 linasukumwa kwenye kizibo hicho peke yake kwa uzito unaopita tani 5. Tangi lenye afya linalimudu jambo hilo kila siku bila kelele. Tangi lililooza linaweza kupasuka, na likipasuka halivuji taratibu kama mpira wa baiskeli. Linaruka, na vipande vya chuma vinaruka nalo. Na kila jioni pale pana nani? Vijana wa bodaboda na bajaji wamepanga foleni, na watoto wetu wameleta baiskeli na mipira. Gawio likipungua mwaka huu, mwakani litarudi. Mtoto harudi.

Tatu, hata serikali haikulichukulia jambo hili kama mchezo. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Wakala wake, OSHA, una wakaguzi wa mitambo yenye mgandamizo kama hii. Tangi jipya likija, likaguliwe. Likipimwa kwa nguvu, lipimwe kwa kujazwa maji, si upepo. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo tangi bovu likishindwa litavuja tu, halitaruka. Na wale wenye wazo la kutumia mtungi wa zamani wa gesi ya kupikia, wazo hilo waliache huko huko.

Basi tangi jipya peke yake halitoshi kama tabia ni ile ile. Tunapendekeza zamu ya usimamizi na daftari, na kila mwenye zamu aandike alichofanya. Kazi zenyewe si ngumu:

1. Kila jioni, zima mashine, punguza upepo, kisha fungua koki ya chini mpaka maji yaishe.
2. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama oili kwenye kioo chake. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji. Ikiwa nyeusi, imechoka. Zote mbili zimwagwe, iwekwe mpya ya kompresa.
3. Kila wiki, safisha chujio la hewa. Vumbi la barabara yetu linasaga ringi na silinda kama msasa.
4. Kila wiki, vuta pete ya valvu ya usalama uone kama inapumua na kurudi. Ikigoma, mashine isiwashwe mpaka ibadilishwe.
5. Kila mwezi, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, bonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukibonyea kama sentimita moja, ni sawa. Kaza nati, rudisha kinga ya mkanda mahali pake.

Mashine ikisumbua, tusianze kwa nyundo. Tuanze kwa kuuliza. Inachelewa kujaa? Tazama chujio, mkanda na uvujaji kwanza. Hayo yakiwa salama, ndipo ushuku vibati vya valvu kichwani au ringi. Inanguruma bila kuzunguka? Zima mara moja, usije ukaunguza mota. Huenda umeme umeshuka, au waya wa kuunganisha ni mrefu na mwembamba, au kapasita imekufa. Imezima lakini upepo unaendelea kulia "ssss" pale kwenye swichi? Valvu ya kuzuia upepo usirudi, iliyo mlangoni mwa tangi, haifungi vizuri. Ifunguliwe na kusafishwa, tangi likiwa tupu kabisa.

Kuna jambo moja la kukemea. Yupo aliyetaka valvu ya usalama ibanwe kwa boliti eti "inapoteza upepo bure". Hapana, bwana! Valvu ile inapolia inatuokoa. Mwenye kuiziba ni sawa na mwenye kumziba mdomo mlinzi usiku mwizi anapoingia. Tena upepo mwingi wa nini? Gurudumu la bodaboda linataka paundi 30 na ushee tu. Na ule mchezo wa kujipuliza vumbi mwilini kwa bomba la kompresa ukome leo. Jicho halina spea.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwenye vikundi vya redio, wakajifunza kwamba ugonjwa huzuiwa kabla haujaingia nyumbani, kwa kuchimba choo na kufyeka majani. Hakukuhitajika daktari kwa kazi hiyo. Na mashine ni hivyo hivyo. Kufungua koki hakuhitaji fundi wala senti moja, kunahitaji mtu mwenye kukumbuka.

Vijana wetu walio kibandani tunawapongeza kwa kazi. Wanaotaka kujifunza zaidi, chuo cha VETA Chang'ombe hakiko mbali, na ushirika ufikirie kumsomesha angalau mmoja wao.

Ndugu wanachama, njooni mkutanoni. Anayetaka tangi lichomelewe naye aje, aseme hoja yake, tumsikilize. Lakini kabla hajanyoosha mkono kupiga kura, aende kwanza kibandani jioni, ahesabu watoto waliosimama kando ya lile tangi.

Mpaka siku hiyo, tunaomba mashine ibaki imezimwa.