Gitaa Lenye Kovu



Kuna swali ambalo limetufikia kutoka vikundi kadhaa vya vijana katika ukanda huu wa ziwa: je, yafaa kwaya itoe fedha ya mfuko wake kununua, kwa njia ya simu, gitaa ambalo kiwanda chenyewe kimeliona lina dosari? Picha hutumwa kutoka Bujumbura, Kigoma au Dar es Salaam. Bei iko chini sana ya ile ya gitaa zima, na chini ya picha muuzaji huandika maneno machache tu: lina alama kidogo, sauti safi, lipia leo. Sisi tunaofanya kazi ya katekesi na ya ualimu tunajibu kwamba yafaa, na kwamba kwa vijana wengi wa Makobola hiyo ndiyo njia ya busara kuliko kungoja miaka mitano bei ya gitaa lisilo na doa. Ila neno hilo «alama kidogo» latakiwa lipimwe kabla ya franka moja kutoka katika sanduku la kwaya.

Tuanze na jinsi gitaa linavyopata jina hilo. Katika kiwanda kuna mkaguzi mwishoni mwa kazi. Huligeuza gitaa chini ya taa kali, akaona tone la gundi lililokauka pembeni, rangi iliyokusanyika mahali pamoja, fundo katika ubao, mkwaruzo usiozidi urefu wa kucha. Gitaa hilo laimba sawasawa na mwenzake, lakini halitauzwa kwa bei kamili. Kiwanda cha Gibson cha Marekani kilikuwa na desturi ya kugonga tarakimu 2, au 2ND, nyuma ya kichwa cha gitaa la namna hiyo. Tunaipenda desturi hiyo. Mnunuzi wa kwanza alijua, na aliyelinunua kwake baada ya miaka ishirini alijua pia, kwa kuwa alama ilikuwa imegongwa ndani ya mti na haikuweza kusahauliwa mfukoni mwa mtu.

Siku hizi jina limepanuka. Chini ya maneno yaleyale huuzwa gitaa lenye dosari ya kiwandani, gitaa lililorudishwa na mnunuzi aliyebadili nia, na gitaa lililoanguka safarini likaunganishwa upya. La kwanza na la pili huenda likawa baraka. La tatu ni hatari, na katika picha yote matatu hung'aa vilevile.

Tena inafaa tujiulize ni nani aliyeamua kwamba doa fulani ni dosari. Mfano mzuri unatoka Kameruni. Kwa muda mrefu watengeneza magitaa wa dunia walitaka eboni, mti unaofanana na mpingo wa Tanzania, uwe mweusi tititi; ndio unaotumika katika ubao wa shingo, pale vidole vinapokanyaga nyuzi. Mwaka 2011 kampuni ya Taylor ya Marekani, pamoja na Madinter ya Uhispania, ilinunua kiwanda cha kupasua eboni kiitwacho Crelicam, mjini Yaoundé. Ndipo Bob Taylor alipoelezwa jambo ambalo wakata miti walilijua siku zote: rangi ya moyo wa mti haijulikani mpaka mti ukatwe. Ili kupata mti mmoja mweusi kabisa, yapata kumi iliangushwa, na yenye michirizi ya rangi ya maziwa au ya kahawa iliachwa ioze msituni, kwa sababu soko lilikuwa likiulipa vibaya. Naye akaamua kwamba kampuni yake itautumia mti wenye michirizi na kuulipa vizuri. Michirizi ile haikuwa imeharibu sauti ya gitaa hata moja. Ilikuwa imechukiwa na macho tu, na kwa chuki hiyo ya macho misitu ya Afrika ya Kati ililipa miti tisa kwa kila mmoja. Leo magitaa yenye michirizi huuzwa madukani kwa bei kamili, na wapo wanaoichagua kwa uzuri wake.

Bob Taylor huyohuyo, mwaka 1995, alitengeneza gitaa kwa mbao za kreti, zile zinazowekwa chini ya mizigo na kutupwa. Lilipigwa, nalo liliimba. Alitaka kuonyesha kwamba mkono wa fundi una uzito kuliko jina la mti.

Wala gitaa la bei ya chini si jambo geni katika historia ya muziki wetu. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana aitwaye Mwenda wa Bayeke, Jean-Bosco, na wimbo wake «Masanga» ukasikika mbali kuliko migodi ya Katanga. Sahani zake zilitolewa kwa alama ya Gallotone ya Afrika ya Kusini. Alama hiyohiyo ilibandikwa juu ya magitaa ya bei nafuu yaliyosambaa pande hizi za Afrika, hata wapo wazee wa Tanzania waliozoea kuliita gitaa kavu «galatoni». Moja la aina hiyo lilimfikia John Lennon huko Uingereza katika miaka ya 1950, kwa njia ya posta, baada ya tangazo la gazetini. Ndani yake palikuwa na kibandiko kilichoahidi kwamba halitapasuka. Kumbe kuagiza gitaa usilolishika, kwa maneno ya tangazo, hakukuanza na simu za mkononi! Mwaka 1999 gitaa lile la bei ya chini liliuzwa katika mnada wa London kwa zaidi ya pauni 100,000, ingawa bila shaka walionunua walikuwa wakinunua jina la aliyelipiga.

Sasa tufike kwenye pingamizi ambalo baadhi yenu mmelisikia kwa wazee wa parokia, nalo si la kupuuzwa. Husema: nabii Malaki aliwakemea waliomletea Mungu mnyama kipofu na kilema, mtaletaje altareni chombo ambacho kiwanda kimekikataa? Tunawaomba wazee wetu wasome sura hiyo ya kwanza mpaka mwisho. Anayelaaniwa pale ni mtu mwenye dume zima katika kundi lake, aliyeliwekea nadhiri, kisha akalificha akatoa lenye kasoro. Kosa lake ni hila. Kwaya iliyouza ndagala na mawese kwa miezi minane ikapata dola sitini haina dume lililofichwa zizini. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ulipozungumzia vyombo vya muziki, uliuliza kama vinafaa kwa matumizi matakatifu, kama vinalingana na heshima ya hekalu na kama kweli vinawajenga waamini. Haukuuliza habari za mkwaruzo. Gitaa lililopauka rangi na kushika sauti lapita mtihani huo, na gitaa linalong'aa lakini haliwezi kukaa katika sauti halipiti.

Palipo na hila, hata hivyo, hatuna huruma, na hapa Mtakatifu Thoma wa Akwino ni mwalimu mzuri kuliko matangazo yote. Katika Summa Theologiae anauliza kama muuzaji amefungwa kutaja kasoro ya kitu anachouza. Anajibu kwa kutofautisha. Kasoro ikiwa wazi, kama farasi mwenye jicho moja, na bei ikiwa imepunguzwa kwa haki, muuzaji halazimiki kuitangaza, maana kila mwenye macho anaiona. Lakini kasoro ikiwa imejificha na yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, ni lazima aiseme; asipoisema, biashara hiyo ni ya udanganyifu. Thoma aliandika katika karne ya 13, mnunuzi akiwa amesimama mbele ya farasi. Sisi twauliza: katika biashara ya picha, kasoro ipi iko wazi? Picha ina upande mmoja tu, ule uliochaguliwa na mwenye kupiga. Kwa hiyo tunashikilia kwamba muuzaji wa mtandaoni ana wajibu mzito kuliko muuzaji wa sokoni, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki na macho ya wote wawili. Asiyetaka kuyataja maovu ya gitaa lake, akasema tu «utaliona likifika», aachwe na gitaa lake.

Tuyaseme basi ya kuangaliwa, kwa uwazi. Mikwaruzo, rangi isiyo sawa, gundi iliyovuja, fundo la ubao: kubalini, na mpatane bei bila haya. Kataeni shingo iliyopinda au iliyowahi kuvunjika karibu na kichwa, ubao wa mbele uliopasuka au kuvimba nyuma ya daraja, na daraja lililoanza kung'oka. Mwombeni muuzaji apitishe ukingo wa karatasi chini ya daraja, nanyi mkiona. Karatasi ikiingia, nyuzi zinalivuta daraja nje. Apige picha akiwa ameinamisha gitaa na kutazama shingo kwa urefu, kama seremala anavyotazama ubao. Apime nafasi kati ya uzi na kichuma cha 12: milimita mbili hadi tatu ni vizuri, ikizidi nne, vidole vya anayeanza vitaumia na ataliacha. Kisha atume video, si ya wimbo, maana wimbo huficha mengi, bali ya kila uzi ukipigwa mtupu, na halafu ukikanyagwa kwenye kichuma cha 12. Sauti ya pili iwe ileile ya kwanza, juu oktava moja. Isipokuwa hivyo, gitaa haliko sawa, na kulikaza kila Jumapili hakutalirekebisha.

Jambo la hewa yetu tusilisahau. Mti hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, na ubao mwembamba wa gitaa huumia kuliko mlango wa nyumba. Gitaa ambalo ubao wake wa mbele ni kipande kimoja cha mti mtupu lina sauti tamu, lakini hupasuka upesi lisipotunzwa. La mbao zilizobandikwa tabaka kwa tabaka huvumilia zaidi. Kwa chombo kitakachobebwa kwa pikipiki na kwa mashua, kikalala katika chumba chenye paa la bati, sisi tungechagua la tabaka, wajuzi na wacheke.

Wapo watakaovutiwa na bei za Ulaya na Marekani. Pigeni hesabu kwanza. Wasafirishaji wa ndege hawatozi uzito peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, wakagawanya kwa 5,000. Boksi la gitaa la sentimita 110 kwa 45 kwa 17 lahesabiwa karibu kilo 17, ingawa gitaa lenyewe laweza kuwa na kilo mbili. Ongezeni forodha. Dola mlizookoa kiwandani zitakuwa zimeliwa njiani, na likifika limevunjika, hakuna wa kulirudishia. Ndiyo maana tunapendelea lililokwisha kuvuka bahari kwa mkono wa mwingine na sasa liko Bujumbura au Kigoma, mahali ambapo mtu wa kwetu aweza kufika au ana ndugu. Njia ikiwa salama na mpaka wa Kavimvira ukiwa wazi, atumwe mmoja anayejua kupiga na mmoja anayejua kuhesabu. Fedha ilipwe gitaa likiwa mkononi. Twamjua kijana wa kwaya moja aliyetuma malipo yote kwa simu usiku, kwa hofu kwamba wengine wangelinunua. Namba ile haikupokea tena, na kwaya ikagawanyika kwa lawama mpaka Pasaka.

Kwa nini basi kujisumbua hivi, na kinanda cha umeme chaweza kuazimwa? Kwa sababu gitaa kavu halingoji mafuta ya jenereta. Tena familia nyingi za Makobola zinajua maana ya kuondoka nyumbani na kile tu ambacho mgongo unaweza kubeba, na gitaa hubebeka mgongoni.

Likifika, kasoro zake zote ziandikwe katika daftari la kwaya siku ileile, pamoja na bei na jina la aliyelikagua, ili atakayelinunua kwenu siku moja asomewe ukurasa huo kabla hajafungua pochi. Na katika hesabu wekeni seti mbili za nyuzi tangu mwanzo. Nyuzi za chuma hushika kutu upesi kwa jasho la vidole na unyevu wa ziwa, na gitaa zuri lisilo na uzi wa kwanza limeshatundikwa ukutani katika sakristia zaidi ya moja tunazozifahamu.