Tusivae Koti la Ulaya Katika Jua la Kisumu

Kisumu ni mji uliolelewa na baiskeli. Kabla ya pikipiki kujaa mitaani, vijana wengi wa mji huu walilisha familia zao kwa kubeba abiria kwenye kiti cha nyuma, kazi iliyozaliwa mpakani Busia na ambayo jina lake, boda boda, leo linajulikana Afrika Mashariki yote. Kijana aliyempandisha mama na mzigo wake kutoka ufuoni hadi Kondele, kisha akapumzika kivulini akingoja abiria mwingine, kisha akapanda tena, alikuwa akifanya zoezi ambalo wataalamu wa michezo huliita mazoezi ya vipindi: kukaza nguvu kwa muda mfupi, kupumua, halafu kukaza tena.

Leo baiskeli imerudi kwa sura nyingine. Alfajiri ya Jumamosi utawaona makarani, walimu, wauguzi na wafanyabiashara wamevaa kofia ngumu na nguo za kubana, wakielekea Ahero, Kisian au Maseno. Hamu hiyo ina sababu zake. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvishwa fulana ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Naye Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na kufunzwa mapema na Mkenya, David Kinjah. Ni haki yetu kujivunia, na ni jambo la kheri kwamba watu wazima wanatoka vitini na kukanyaga pedeli.

Lakini, msomaji mpenzi, kuna jambo linalohitaji kusemwa waziwazi. Wengi wa wanamichezo hawa wa ridhaa hawana kocha. Wanachukua ratiba kutoka kwenye simu, na ratiba hizo nyingi zimetungwa kwa ajili ya mtu anayekaa Ubelgiji au Uingereza. Huko, kuanzia Novemba hadi Februari, giza huingia mapema na barabara hujaa barafu. Mwendesha baiskeli hufunga baiskeli yake kwenye mashine ndani ya nyumba na kufanya vipindi vikali kwa majuma 12, akisubiri majira ya kuchipua. Ratiba hiyo ni koti zuri, ila limeshonwa kwa baridi. Sisi tunaliona, tunalipenda, tunalivaa katika joto la nyuzi 30. Wahenga walisema mwiga ndovu hupasuka msamba.

Sisemi kwamba vipindi havifai. Kinyume chake, ni moja ya njia za mazoezi zilizothibitishwa vizuri. Emil Zátopek wa Czechoslovakia aliyeshinda mbio za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, alijijenga kwa kurudia mita 400 mara nyingi sana kwa siku. Mwaka 2007 watafiti wa Trondheim, Norway, walichapisha matokeo ya vijana waliokimbia kwa nguvu dakika nne mara nne, kila mara wakipumzika kwa mwendo mdogo wa dakika tatu. Baada ya majuma manane, uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni ulikuwa umepanda kwa takriban asilimia 7, ilhali wenzao waliokwenda mwendo mmoja wa pole hawakupata faida hiyo. Moyo uliofundishwa hivyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kwa mtu wa mjini asiye na saa tatu za ziada kila siku, hiyo ni habari njema.

Kuna pia ule mtindo maarufu wa dakika nne unaobeba jina la Mjapani Izumi Tabata, uliochapishwa mwaka 1996: sekunde 20 za nguvu zote na sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane, juu ya baiskeli ya maabara. Wanaousifu husahau kusema kwamba waliopimwa walikuwa wanafunzi vijana wenye afya na waliozoea michezo, na walisimamiwa kwa karibu. Baba wa miaka 48 mwenye shinikizo la damu asilolijua si mwanafunzi huyo. Dawa ni moja, lakini kipimo cha kila mgonjwa ni tofauti.

Sasa tuangalie mahali petu. Kisumu iko karibu mno na mstari wa ikweta, na kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130. Hatuna majira ya baridi. Tulicho nacho ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo barabara hujaa tope na mito ya uwanda wa Kano hufurika, kama ilivyotokea mwaka 2020 na tena 2024. Hiyo ndiyo baridi yetu. Na ziwa lina tabia yake: mchana hupuliza upepo kuelekea nchi kavu, mawingu hujikusanya, na jioni mara nyingi ngurumo na radi hushuka. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni kwenda kufanya vipindi barabarani wakati wa masika anakwenda kukutana na radi, malori na giza kwa pamoja. Alfajiri ndiyo saa yetu. Hewa ni baridi, na hapa ikweta jua halibadilishi sana saa yake ya kuchomoza mwaka mzima. Kipindi kizima cha dakika nne mara nne, pamoja na kupasha mwili moto, hakichukui saa moja. Unaweza kukimaliza kabla ya kwenda kazini na kabla mawingu hayajaamka.

Lakini tofauti kubwa kati yetu na yule Mbelgiji iko ndani ya damu, wala si angani. Hapa ndipo ningependa msomaji asimame kidogo.

Watu wa ukanda wa ziwa wameishi na malaria kwa vizazi vingi. Katika miaka ya 1940 na 1950, daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua kwamba mbegu ya ugonjwa wa selimundu, ambao wengi hapa huuita siko seli, ilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mtoto aliyerithi mbegu hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Yule wa mzazi mmoja huishi maisha yake ya kawaida, na mara nyingi hajui kabisa kwamba anayo. Katika kundi la waendesha baiskeli 20 wa Kisumu, si ajabu kumkuta mmoja, wawili au zaidi.

Mtu huyo si mgonjwa, na asiambiwe aache michezo. Lakini anapokaza nguvu kupita kiasi bila kupumzika, kwenye joto, akiwa na upungufu wa maji, baadhi ya chembe zake za damu zinaweza kujikunja kwa umbo la mundu na kuziba njia ndogo za damu. Misuli hukosa hewa na kuanza kuvunjika. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanajeshi weusi wa Marekani wapatao 48,000. Wenye mbegu ya selimundu hawakufa zaidi ya wenzao, na hilo litutoe hofu. Hata hivyo, hatari yao ya kuvunjika misuli ilikuwa juu kwa takriban asilimia 54. Jeshi hilo lilikuwa na kanuni za maji, kivuli na mapumziko kwa askari wote. Je, kundi lako la Jumamosi lina kanuni gani?

Kwa hivyo ombi langu la kwanza ni hili: kabla ya kuanza ratiba yoyote ya vipindi, nenda kwenye hospitali yenye maabara upimwe damu kuona kama unayo mbegu hiyo. Upimwe pia shinikizo la damu na sukari, hasa ukiwa umepita miaka 40. Matokeo yako ni siri yako, lakini mwambie angalau mwenzako mmoja unayepanda naye.

Ombi la pili ni kujua dalili. Mkakamao wa kawaida hukaza msuli ukawa mgumu kama jiwe, na maumivu huwa makali mahali pamoja. Hii nyingine huja kwa udhaifu: miguu inaisha nguvu na kuuma, misuli haijakaza, pumzi inakimbia, mtu anashindwa kusimama. Huyo hahitaji kuchekwa wala kuhimizwa "kaza roho". Mshushe, mpeleke kivulini, mpoze kwa maji, na mwite mwenye gari ampeleke hospitali mara moja. Mkojo wenye rangi ya chai nzito baada ya mazoezi ni dalili ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua.

Na tusisahau adui yetu wa zamani. Ukihisi homa, kuumwa viungo au kutetemeka, siku hiyo si ya baiskeli. Kapime malaria, maliza dawa, kisha anza upya kwa mwendo mdogo. Anayekaza pedeli akiwa na homa hajengi mwili, anaubomoa. Vilevile, usiingie ziwani kuosha miguu na baiskeli baada ya safari. Kichocho hakiulizi kama wewe ni mwanamichezo. Minyoo yake huingia kupitia ngozi ndani ya dakika chache.

Basi tufanyeje? Nashauri hivi. Kwa majuma sita ya mwanzo sahau vipindi kabisa. Endesha mara tatu au nne kwa juma kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukatika pumzi. Uwanda wa Kano umetandazwa kama meza, na kwenda Ahero na kurudi ni karibu kilomita 50. Usilazimishe yote siku ya kwanza. Baada ya hapo ongeza siku mbili za vipindi kwa juma, zisizofuatana. Mwezi wa kwanza, dakika moja ya nguvu na mbili za pole, mara sita. Mwezi wa pili, ukiwa salama, dakika nne za nguvu na tatu za pole, mara mbili, kisha tatu, kisha nne. Siku zilizobaki ziwe za pole au za kupumzika. Hata mabingwa wa dunia hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao, karibu asilimia 80, kwa mwendo mdogo. Anayekaza kila siku hachelewi kuchoka na kuuza baiskeli.

Huhitaji mashine ya bei ya ng'ombe watatu. Mlima unaopanda kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa ni mashine tosha, ila ushuke kwa hadhari maana malori na matatu hushuka hapo kwa kasi. Huhitaji saa ya kifahari pia. Kadiria kilele cha mapigo ya moyo wako kwa kutoa umri wako kutoka 220. Wa miaka 40 atapata 180. Mwisho wa kipindi kikali, weka vidole kwenye kifundo cha mkono na uhesabu kwa sekunde 15. Ukipata 40 hivi, umefika mahali panapotakiwa, usizidishe. Wakati wa masika, mvua ikikataa kata, fanya kipindi kifupi barazani kwa kupanda na kushuka ngazi, na usione haya.

Neno la mwisho ni kwa viongozi wa makundi. Kuna utamaduni mbaya wa kumwacha nyuma aliyechoka na kumtania kwenye simu jioni. Utani huo humfanya mtu akaze hata pale mwili unapomwambia simama. Kila kundi liwe na mtu wa mwisho ambaye kazi yake ni kutomwacha yeyote, maji ya kutosha, na namba ya hospitali iliyo karibu. Nayo serikali ya kaunti iendelee kutengeneza njia za baiskeli na kuzilinda zisigeuzwe vibanda na maegesho, kwa sababu mwananchi hawezi kuhesabu mapigo ya moyo wake huku akikwepa matatu.

Shirika la Afya Duniani linatutaka tupate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Baiskeli inaweza kutupa zote. Basi tuichukue elimu ya Ulaya, na koti lake tuliache msumarini. Kapime damu juma hili, kisha tuonane barabarani alfajiri.