Acha Kuandika Hesabu Moja Mara Mbili

Wasee wa kutengeneza apu, leo nawasema. Mnaandika hesabu ya riba kwa Kotlin ya Android, mnaiandika tena kwa Swift ya iPhone, halafu mnashangaa mbona watu wawili wa chama kimoja wanaona salio tofauti. Kwani mlitarajia nini? Upande mmoja umepandisha senti, mwingine umeikata. Pesa ya mama mboga si ya kubahatisha.

Dawa iko miaka mingi, inaitwa gomobile. Unaandika ubongo wa apu mara moja kwa Go. Amri ya gomobile bind inakutolea faili ya AAR ya Android na XCFramework ya iPhone. Kotlin inaita Go kama inavyoita Java ya kawaida, Swift inapitia Objective-C. Uso wa apu, yaani skrini na vitufe, unabaki kwa lugha ya simu yenyewe.

WireGuard wanafanya hivyo, ingawa daraja lao wamelijenga wenyewe. Kwa simu nyingi za Android, kazi ngumu ya mtandao inafanywa na Go chini kwa chini, skrini ni Kotlin. Kwa iPhone, skrini ni Swift, na ndani kuna Go ileile.

Sasa kuna wale watasema, "Si basi tuandike kila kitu kwa Go, hata skrini?" Hapana, buda. Daraja la gomobile ni jembamba. Linapitisha namba, maandishi, ndiyo-ama-hapana na baiti. Orodha ya miamala 50 haipiti hivyo tu, lazima uigeuze kwanza, kwa mfano iwe JSON. Na kila safari ina gharama yake. Ukiita Go kila mtu akisogeza kidole, skrini inaweza kuanza kukwama. Vuka mara chache, na ukivuka beba mzigo wa maana.

Ati Go inanenepesha apu? Ni kweli, inaongeza megabaiti kadhaa. Lakini wengi wenu mnajitakia. Usipochagua, bind ya Android inajenga aina nne za prosesa, mbili zikiwa za Intel, na simu za Intel huku ni za kutafuta na tochi. Chagua za ARM pekee. Mtu wa bando ya saa moja hana megabaiti za kuchezea.

Na ndiyo, ya iPhone bado inataka Mac yenye Xcode. Azimeni. Kama mko wawili kwa bedsitta, hamna jeshi la kurekebisha kosa lilelile mara mbili.

Kwa hivyo kabla hujachora skrini nyingine, toa hesabu ya pesa kwa Kotlin, itoe kwa Swift, iweke kwa Go na uiandikie majaribio. Kosa likitokea, unalirekebisha mahali pamoja.

Una sababu ya kuandika riba mara mbili? Ilete kwa komenti. Lakini kuja na namba.