Mizani ya Nyumba: Malaba inapokosa wageni

Mwanamke wa Changamwe au Kisauni ambaye mumewe huendesha lori la masafa marefu anaijua Malaba hata kama hajapata kuitia machoni. Anaijua kwa simu za usiku: "Tumefika, lakini foleni ni ndefu," au, "Tumevuka, alhamdulillahi." Anaijua kwa hesabu vilevile, kwa kuwa kila usiku ambao lori limelala mpakani ni posho iliyoliwa hukohuko, nayo hairudi nyumbani. Kutoka bandari yetu hadi Malaba ni safari ya zaidi ya kilomita 900, lakini hali ya uchumi ikichafuka kule, sufuria za huku hupata habari mapema.

Juma hili, basi, tuutazame mpaka huo, khususan gesti zake. Biashara ya kulaza wageni ndiyo hutangulia kuonyesha dalili za uchumi mbaya, kwani mtu akipungukiwa hukata safari kabla ya kukata unga.

Busia na Malaba zote zimo katika Kaunti ya Busia. Malaba iko kaskazini, mahali ambapo reli ya zamani na barabara kuu huingia Uganda upande wa Tororo. Busia iko kusini yake, mwisho wa barabara itokayo Kisumu, na mstari wa mpaka umeugawa mji hata jina likawa moja pande zote mbili. Malaba ni mji wa makontena na matangi ya mafuta. Busia nayo hupitisha malori, ila pia ni soko la watu wa miguu: omena, mayai, mahindi, maharage, matoke, mitumba. Hata neno bodaboda inasemekana lilizaliwa kwenye mpaka huu, pale vijana wenye baiskeli walipowabeba wasafiri kupita eneo lililo baina ya vituo viwili vya forodha, wakinadi "boda, boda".

Hakuna mtalii aendaye Malaba kustarehe. Mgeni wa pale halali kwa kupenda, hulala kwa sababu stakabadhi zake hazijapigwa muhuri. Juu ya kungoja huko ndiko kulikojengwa uchumi mzima: mwenye gesti, mama wa kibanda anayepika ugali na samaki, kijana anayelinda lori usiku, mfuaji nguo, muuza vocha, mbadilishaji fedha aliyeketi na kibunda mkononi, wakala wa forodha na karani wake. Dereva mmoja na utingo wake wakilala usiku mmoja, kaya kadhaa hupata chakula cha kesho yake.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Mtikisiko wa fedha ulioanzia Marekani ulipofika kileleni mwaka 2008, miongoni mwa walioanguka ilikuwamo Yellowstone Club ya jimbo la Montana, klabu ya matajiri wateule wenye mlima wao wa kutelezea theluji. Novemba mwaka huo iliomba hifadhi ya mahakama kama mufilisi. Huko Idaho, Tamarack Resort ilisimamisha mashine zake za kupandisha wageni mlimani Machi 2009. Waliofika Dubai wameiona theluji ya kutengenezwa ya Ski Dubai ndani ya Mall of the Emirates, kwa hiyo wanaweza kukisia gharama ya starehe hiyo. Mashine lazima zizunguke, theluji lazima itengenezwe, walinzi na mafundi lazima walipwe, wawe wageni ni elfu au ni kumi. Tajiri akiahirisha safari, yeye hakosi chakula. Anayekosa ni mtandika vitanda.

Sisi wa pwani hatuhitaji kusimuliwa. Mei 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake wasije Mombasa, na kampuni za Thomson na First Choice zikawaondoa wageni wao na kufuta safari za ndege, hoteli za ufuoni zilifungwa na vijana wetu wakarudi nyumbani kwa maelfu. Mlima hauhami, ufuo hauhami, na gesti ya Malaba vilevile haihami. Aliyejenga vyumba ishirini kwa mkopo wa benki hulipa mkopo ule, vyumba viwe vimejaa au vitupu, na riba haijui msimu. Mwanamke mwenye beseni la omena anaweza kesho kubeba beseni lake akauze upande wa pili. Kwa jicho la biashara, yule asiye na jengo ana nguvu ambayo tajiri wa mji hana.

Lakini mpaka una tabia yake, nayo ndiyo inayofanya shida ya uchumi kule isifanane na ile ya mlima wa theluji. Dhiki ya upande mmoja aghalabu huwa neema ya upande wa pili. Wazee watakumbuka magendo ya kahawa. Baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil Julai 1975, na bei ya dunia ikapaa. Uganda ya Idi Amin ilikuwa ikiwalipa wakulima wake kidogo, tena kwa fedha isiyo na thamani. Basi kahawa ikavushwa kuja Kenya usiku kwa usiku, na Chepkube, kaskazini ya Malaba, pakawa soko lililotajwa nchi nzima. Watu walijenga nyumba za mawe. Bei iliposhuka na utawala wa Amin ukaanguka Aprili 1979, soko lile likafa, na waliodhani neema ile ni ya kudumu wakabaki na nyumba bila wapangaji.

Katika miaka ya karibuni mizani imeyumba kwa njia ya sarafu. Mwanzoni mwa 2022 shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 30 za Uganda. Kufikia Januari 2024, dola moja ilipofika kiasi cha shilingi 160 za Kenya, shilingi yetu ilikuwa haipati hata 25 za Uganda. Mkungu wa matoke unaouzwa shilingi 30,000 za Uganda, ambao mama wa Busia angeununua kwa 1,000 za kwetu shilingi ikiwa 30, humgharimu 1,250 shilingi ikishuka hadi 24, ilhali mkulima hakuongeza hata senti. Wakati huohuo Mganda alivuka kuja kununua sabuni, mafuta ya kupikia na bidhaa za viwandani, kwa kuwa kwake sasa zilikuwa rahisi. Miezi michache baadaye shilingi ya Kenya ilipanda, dola ikarudi karibu na 130, na aliyejaza ghala kwa kutegemea wateja wa Uganda akaona wamepungua. Mwanamke anayefanya biashara pale sharti awe na hesabu mbili kichwani kila asubuhi. Wengi hawakusoma darasani, lakini sijui mhasibu awezaye kuwapita.

Foleni, kwa upande wake, ni mchezo wa ajabu zaidi. Mtu angedhani kwamba foleni ndefu ni baraka kwa gesti, na kwa siku mbili tatu ni kweli. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na reli kung'olewa Kibera, Uganda ilikaukiwa na petroli, na malori yaliyokwama hayakuwa na fedha za kulipia chumba. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria kwa sababu ya korona, ikaruhusu mizigo peke yake. Upimaji wa madereva ukaleta foleni ya kilomita kadha wa kadha kutoka Malaba kurudi nyuma kuelekea Bungoma. Wakati huo dereva aliogopwa kama ugonjwa wenyewe, akalala ndani ya lori, akapika kando ya gurudumu. Foleni ilikuwapo, wageni wa gesti hawakuwapo. Januari 2022 yakaja malipo ya dola 30 kwa kila kipimo. Madereva wakagoma, na bei ya petroli Kampala ikapanda mno.

Kisha kuna jambo ambalo si mdororo wa uchumi hata kidogo, bali ni maendeleo, nalo limeziumiza gesti sawasawa na mdororo. Ni kituo cha pamoja cha mpakani. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, na Malaba ina cha kwake. Maafisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja, lori husimama mara moja badala ya mara mbili, na kwa utaratibu wa forodha wa pamoja ulioanza 2014 karatasi nyingi hushughulikiwa tangu Mombasa. Mzigo uliokuwa ukilala siku mbili tatu waweza kupita kwa saa chache, mtandao usipokatika.

Mwenye gesti hulalamika, na ana haki ya kulalamika, kwani hakuna aliyemwuliza. Lakini mimi niko upande wa mke wa dereva. Usiku uliookolewa mpakani ni usiku aliorudishiwa yeye. Tena kuna jambo ambalo wake za madereva hulizungumza kwa sauti ya chini wakikutana harusini. Miji ya mipakani, kwa upweke wa wanaume na umaskini wa wasichana, imeshika mzigo mkubwa wa maradhi. Kaunti ya Busia ina kiwango cha virusi vya ukimwi kilicho juu ya wastani wa taifa. Gesti ikikosa wageni, si kila hasara ni hasara.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba mwendo wa haraka huongeza kipato cha nyumba moja kwa moja. Tuchukue mfano. Dereva hulipwa mshahara mdogo na posho ya kila safari. Mzigo ukiwa mwingi na mpaka ukiwa mwepesi, huenda akafanya safari nne kwa mwezi badala ya tatu. Mzigo ukipungua, atafanya mbili, na mpaka uwe mwepesi namna gani hautamletea ya tatu. Hili tumeliona hapa kwetu reli mpya ilipofika Naivasha na mwaka 2020 pakatolewa amri mizigo ya Uganda isafirishwe kwa treni hadi huko. Mombasa ilipiga kelele, na Mariakani, Voi na Mtito Andei zikaona vibanda vikifungwa kimoja baada ya kingine. Septemba 2022 Rais William Ruto aliagiza huduma za kutoa mizigo zirudi bandarini, ila waliokwisha kuuza malori yao hawakuyarudisha.

Kwa dada zetu walio katika hali hii, la kwanza ni kutenganisha mshahara na posho katika daftari la nyumba. Kodi, karo na deni la dukani ziegemee mshahara, hata kama itabidi kuhamia chumba cha bei nafuu. Posho iwe ya mavazi, ya kukarabati, ya kuweka kwenye chama, kwa kuwa ndiyo inayokatika foleni inapotanda. Mkopo wa simu wa kuziba pengo la posho ndio ulioziingiza nyumba nyingi katika madeni, riba juu ya riba, na mume akirudi kutoka Malaba hukuta posho yake imekwisha kulipwa.

La pili ni kwa mwenye jamaa Busia au Mumias anayetaka kushirikiana naye katika biashara ndogo, jambo ambalo familia za pwani zimelifanya tangu misafara ilipopita kwa Nabongo Mumia kuelekea Buganda. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000, na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani, bila ushuru wa forodha. Wanawake wengi bado hupita njia za panya kwa kuogopa ofisi, wakatoa rushwa njiani, na wakinyang'anywa mzigo hawana pa kushtaki. Mwambieni jamaa yenu aulizie cheti hicho kwanza, kisha aulize bei ya shilingi siku hiyo, ndipo mtume fedha.

Na mume akipiga simu kutoka mpakani, pamoja na kumwuliza kama amekula, muulize amelala usiku wa ngapi na ameahidiwa mzigo wa kurudi nao. Lori lirudilo tupu kutoka Kampala ndilo linalotangulia kutangaza mwezi mgumu, majuma kadhaa kabla ya magazeti.